Je, balbu za kuokoa umeme zina faida nyumbani?

JIRANI yangu hununua tokeni za umeme za Sh200 kila wiki, na kila wiki hulalama kwamba zimeyeyuka kabla ya siku yake. Hana friji wala jiko la umeme, na pasi huishika Jumamosi tu anapojiandaa kwenda ibadani kesho yake.

Jioni moja nilipomtembelea nilitazama juu nikaona kinachommalizia pesa. Vyumba vyake viwili viliangazwa na balbu za kizamani, zile za kioo chenye uzi mwembamba ndani, kila moja ikiwa ya wati 60.

Nilimshauri azibadilishe, anunue za LED. Akaniuliza swali ambalo kwa kweli ni la haki: "Hii nainunua kwa Sh60. Hiyo yako ni Sh250. Pesa zangu zitarudi lini?"

Ni swali ambalo watu wengi hujiuliza wakiwa wamesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme, kisha wakachagua ya Sh60. Tuifanye basi hesabu hiyo, kwani si ngumu.

Yuniti moja ya umeme ni kiasi kinachotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwashwa kwa saa moja. Balbu ya wati 60 ikiwaka kwa saa tano kila usiku, hutumia yuniti 9 kwa mwezi wa siku 30. Balbu ya LED inayotoa mwangaza kama huo huwa ya wati 9 hivi, nayo kwa muda huo huo hutumia yuniti 1.35 pekee.

Tuchukulie kwamba yuniti moja inamgharimu mteja Sh25 pamoja na kodi na ada zote. Balbu ya zamani itamla Sh225 kwa mwezi, nayo ya LED Sh34. Tofauti ni Sh191 kwa kila balbu.

Jirani yangu ana balbu mbili. Kwa hivyo balbu mbili mpya za jumla ya Sh500 zingemrudishia pesa zake katika muda usiozidi siku 40, na kuanzia hapo kila mwezi angebaki na zaidi ya Sh380 mfukoni. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, hizo si pesa za kudharauliwa.

Nimeitumia Sh25 ili hesabu iwe nyepesi tu. Bei halisi hubadilika kila mwezi kwa sababu ya ada ya mafuta ya kuzalisha umeme, mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni na mengineyo. Anayetaka kujua bei yake mwenyewe auchukue ujumbe wa tokeni alizonunua mwisho, agawanye pesa alizolipa kwa idadi ya yuniti alizopata.

Hata hivyo, kuna jambo jingine katika hesabu hii ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililonifanya nimsisitizie jirani yangu zaidi.

Tangu bei mpya za umeme zilipoanza kutumika nchini mwaka 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika madaraja matatu: wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaopita 100. Daraja la chini hulipia kila yuniti bei ya msingi iliyo nafuu kuliko ya madaraja mengine. Mteja huwekwa katika daraja lake kwa kutazama wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu.

Jirani yangu alikuwa akitumia yuniti kama 36 kwa mwezi. Nusu yake, yaani yuniti 18, zilikwenda kwa balbu mbili tu. Akizibadilisha, matumizi yake yatashuka hadi yuniti zisizofika 21, na miezi mitatu ikipita atakuwa ameingia katika daraja la chini. Hapo atanufaika mara mbili: atanunua yuniti chache, na kila yuniti ataipata kwa bei nafuu.

Ni kwa sababu hii ambapo balbu zina maana kubwa kwa maskini kuliko kwa tajiri. Mwenye nyumba ya vyumba vinane, friji mbili na mashine ya kufulia atapunguza bili yake kidogo. Mwenye vyumba viwili, ambaye taa ndiyo sehemu kubwa ya matumizi yake, ataipunguza kwa karibu nusu.

Ili kuelewa ni kwa nini tofauti ni kubwa kiasi hicho, ni vyema kujua yanayotendeka ndani ya kioo.

Balbu ya zamani kwa hakika ni jiko dogo. Umeme hupitishwa katika uzi wa madini ya tangsteni hadi ukapata joto la nyuzi kama 2,500 za Selsiasi na kuanza kung'aa. Ni sehemu ndogo mno ya umeme huo, ipatayo asilimia tano, inayogeuka kuwa mwangaza. Inayobaki yote huwa joto, ndiyo sababu huwezi kuishika balbu hiyo ikiwa imewaka. Kati ya kila Sh100 unazolipa, zaidi ya Sh90 zinapasha dari joto.

Uzi huo nao haudumu. Balbu ya aina hii hutarajiwa kuwaka kwa saa 1,000 hivi. Sababu moja ni ya kimaumbile, kwani uzi unaong'aa sana huchakaa upesi. Lakini ipo nyingine isiyopendeza: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikutana mjini Geneva, Uswisi, wakaafikiana kwamba balbu zao zisizidi saa 1,000, na aliyekiuka alitozwa faini.

Balbu za kwanza kuitwa za kuokoa umeme ni zile za mrija wa kioo uliopindwapindwa, ambazo hujulikana kwa herufi CFL. Ndani yake mna mvuke wa zebaki. Umeme unapopita, mvuke huo hutoa miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, kisha unga mweupe uliopakwa ndani ya mrija huigeuza miale hiyo kuwa mwangaza. Hakuna uzi wa kuchomwa, na hivyo balbu ya wati 14 hufanya kazi ya ile ya 60. Kampuni ya Philips ilianza kuziuza mwaka 1980.

LED ni teknolojia nyingine kabisa. Humo hamna uzi wala mvuke. Kuna vipande vidogo vya madini maalumu ambavyo hutoa mwangaza vyenyewe umeme unapopita ndani yake. Taa nyekundu za aina hii zimekuwapo tangu mwaka 1962, na wengi wetu tulizifahamu kwa kuziona zikimetameta kwenye redio. Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa taa ya rangi ya buluu, kwani bila hiyo mwangaza mweupe haungepatikana. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walilitatua fumbo hilo, wakatuzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Wakenya wengi walizijua balbu hizi mara ya kwanza kupitia serikali. Ukame uliokausha mabwawa ya Mto Tana ulileta mgao wa umeme mwaka 2000, na mwaka 2009 hali ikajirudia maji yalipopungua katika bwawa la Masinga. Ilibidi umeme uzalishwe kwa majenereta ya dizeli ya kukodi, ambayo gharama yake ilimfikia mteja kwenye bili. Mwaka 2010, kampuni ya umeme ikaanza kugawa balbu za CFL bila malipo kwa wateja wake.

Walikuwapo walioshuku ukarimu huo. Muuzaji gani huwapa wateja kifaa cha kuwafanya wanunue bidhaa yake kidogo?

Jibu ni kwamba umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Sharti uzalishwe wakati ule ule unapohitajika, na nchini Kenya uhitaji hupanda kupita kiasi kuanzia mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa nne hivi usiku. Huo ndio wakati kila nyumba imewasha taa. Kwa saa hizo chache, mvuke wa Olkaria na maji ya mabwawa havitoshi, na mitambo ya bei ghali hulazimika kuwashwa. Ukipunguza wati 40 au 50 katika kila nyumba wakati huo, umeuepuka mzigo mkubwa.

Turejee nyumbani. Je, ina maana kila balbu ibadilishwe leo? La hasha, na hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji.

Balbu ya choo inayowashwa kwa robo saa kwa siku hutumia chini ya nusu yuniti kwa mwezi, hata ikiwa ni ya wati 60. Ukiweka ya LED utaokoa kama Sh9.50 kwa mwezi. Balbu ya Sh250 itachukua zaidi ya miaka miwili kurudisha gharama yake. Iache ile ya zamani hadi iungue yenyewe.

Vivyo hivyo, aliye na balbu ya CFL inayofanya kazi vizuri hana haja ya kuitupa. Kati ya wati 14 na wati 9 tofauti ni ndogo. Kwa saa tano kila siku, ni yuniti 0.75 kwa mwezi, au karibu Sh19. Kiasi hicho hicho hasa cha umeme ndicho kinachotumiwa na shawa ya umeme ya wati 4,500 katika dakika kumi za kuoga. Mtu anaweza kubadilisha balbu ya CFL akaweka ya LED, kisha akayapoteza mafanikio yake ya mwezi mzima kwa kuoga mara moja huku akiimba.

Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu waliobadilisha balbu zote wakashangaa bili haishuki. Penye shawa ya umeme, pasi na friji kuukuu ambayo mlango wake haufungi sawasawa, balbu si mchawi wa kwanza wa kusakwa.

Mahali panapolipa kuliko pote ni nje. Taa ya usalama ya wati 100 inayowaka kutoka jioni hadi asubuhi, saa 12 kila usiku, hula yuniti 36 kwa mwezi. Ni sawa na matumizi yote ya nyumba ya jirani yangu! Kwa bei tuliyoitumia, hizo ni Sh900. Balbu ya LED ya wati 14 ikiwekwa hapo itatumia yuniti 5 hivi, au Sh126. Mwenye ploti aliye na taa nne za namna hiyo uani na langoni anaweza kuokoa zaidi ya Sh3,000 kila mwezi bila giza kuongezeka hata kidogo.

Kwa balbu hiyo ya nje, gharama hurudi katika siku chache tu. Asiye na pesa za kununua zaidi ya moja aanze na hiyo, kisha ya sebuleni, kisha ya jikoni.

Tatizo kubwa sokoni ni balbu duni. Niliwahi kununua tatu kwa mchuuzi aliyezipanga juu ya gunia karibu na kituo cha matatu, Sh50 kila moja. Mbili ziliungua kabla ya mwezi kwisha. Ya tatu iliendelea kuwaka lakini ikafifia hadi nikawa nasoma kwa kukisia. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, nami nililipia Sh150 kujikumbusha.

Kinachoharibika kwa kawaida katika LED si vile vipande vinavyotoa mwangaza. Ni saketi ndogo iliyofichwa katika kitako, ambayo kazi yake ni kuugeuza umeme wa volti 240 uwe wa kiwango ambacho vipande hivyo vinaweza kustahimili. Mtengenezaji anayetafuta faida ya haraka huweka saketi hafifu, na umeme unapopanda na kushuka, kama unavyofanya mara kwa mara katika mitaa mingi, saketi huungua. Balbu nzima hutupwa.

Joto pia ni adui. Ijapokuwa LED haina joto kama balbu ya uzi, joto lake kidogo hukusanyika kwenye kitako na lazima litoke. Ukiifungia ndani ya kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa, umeifupishia maisha. Balbu nzuri hutarajiwa kuwaka kwa saa 15,000 au zaidi, ambazo kwa saa tano kila siku ni miaka minane, lakini ahadi hiyo haitatimia katika kifuniko kilichobana.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, chunguza pakiti. Tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango KEBS. Uliza kama kuna dhamana, na uhifadhi risiti. Muuzaji aaminiye bidhaa yake hatakataa kukubadilishia balbu iliyokufa baada ya wiki mbili. Mwombe pia aiwashe mbele yako dukani. Maduka mengi yana soketi ya kujaribia.

Usiangalie wati pekee. Wati huonyesha balbu inakula umeme kiasi gani, wala si mwangaza inaotoa. Kipimo cha mwangaza ni lumeni, na balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kati ya 700 na 800. Pakiti isiyoonyesha lumeni irudishe kwenye rafu.

Halafu kuna rangi. Mwangaza mweupe wenye ubuluu, unaoandikwa 6500K, unafaa jikoni na mezani watoto wanapofanya kazi za shule. Ule wa manjano kidogo, 2700K au 3000K, ni mwanana zaidi chumbani na haufukuzi usingizi. Wengi wanaosema hawazipendi balbu hizi kwa kuwa "zinaumiza macho" walinunua rangi isiyofaa chumba chao. Aidha, hakikisha kama soketi yako ni ya skrubu au ya pini, usije ukalipa nauli mara mbili.

Zebaki iliyomo katika balbu za CFL ni chache, kwa kawaida miligramu tano au chini ya hapo, lakini ni sumu. Balbu ikivunjika, watoe watoto chumbani, fungua madirisha na usubiri robo saa. Usifagie, kwani ufagio hutimua unga. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, uvitie katika mkebe wenye kifuniko. Kwa sababu ya sumu hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua mwaka 2022 kwamba balbu za CFL za matumizi ya nyumbani zisitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine baada ya mwaka 2025. Anayenunua sasa basi na achague LED.

Kuna watu wachache ambao balbu ya zamani bado inawafaa, nao ni wafugaji wa kuku. Katika sehemu za baridi kama Limuru au Nyahururu, vifaranga wa siku moja hukingwa baridi kwa balbu iliyoning'inizwa juu yao. Hapo joto ambalo sisi tunaliita hasara ndilo linalotafutwa. Mfugaji akiweka LED ataokoa umeme na kupoteza vifaranga.

Swali gumu zaidi ni la wapangaji. Katika ploti nyingi, nyumba kumi hutumia mita moja na bili hugawanywa sawasawa, au umeme hujumuishwa katika kodi. Mpangaji anayenunua LED kwa Sh250 huona faida yake ikienda kwa jirani anayewasha balbu ya wati 100 mchana kutwa. Haishangazi kwamba hanunui. Katika nyumba kama hizo, ni mwenye ploti anayefaa kuzinunua balbu zote kwa pamoja, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na bili, au aweke mita ndogo kwa kila mlango.

Jirani yangu ana mita yake, na hatimaye alinunua moja, ya sebuleni, akisema ataona kwanza. Wiki ya pili akanunua ya chumbani. Sasa anauliza kama akihama atalazimika kumwachia mwenye nyumba balbu zake. Nilimwambia azifungue aondoke nazo, na zile mbili za zamani, ambazo amezihifadhi kabatini zikiwa zimefungwa kwa gazeti, azirudishe pale alipozikuta.